Kufuli la Pili

"Kufuli hili ni la Mama Atu," Abdulwahab alisema. "Yeye ndiye aliyelifungua."

Hapo ndipo tulipokatia, ndugu msomaji, na naambiwa wapo waliotukana gazeti. Haya, turudi chumba kile kile cha polisi, kabla mtu hajapata nafasi ya kutoka.

Meza moja, viti vitatu, kalenda ya mwaka jana ukutani. Juu ya meza makufuli mawili makubwa, midomo wazi. Huku amekaa Abdulwahab, mwenye malori. Huku amekaa Ketrina, msaidizi wake, mjane kutoka kijiji cha Mbebe, ambaye Tunduma nzima inamwita Mama Atu. Katikati, Afande Anania na kalamu yake.

"Rudia," Afande alisema.

"Kufuli la kwanza nimelifungua mimi, sikatai. La pili ni lake. Ufunguo ni mmoja tu, na hauvaliwi na mwingine."

"Mama, kweli?"

"Ufunguo ni mmoja," Ketrina alisema.

"Unakaa wapi?"

"Shingoni kwangu."

"Nionyeshe."

Ketrina alipeleka mkono shingoni. Kwa miaka kumi na tisa mkono ule ulikuwa unakuta kamba ya bluu, aliyosokotewa na wifi yake Ferista. Leo ulikuta shingo tupu.

"Sinao," alisema.

"Uko wapi?"

Alimtazama Abdulwahab. Abdulwahab alikuwa anaitazama kalenda.

Jibu lilikuwa mdomoni. Ufunguo niliuacha mezani kwako, bosi, mbele ya macho yako, siku ya Alhamisi. Maneno machache tu, na balaa lote lingehamia kiti cha pili. Lakini marehemu Mzee Saidi, baba yake Abdulwahab, alimwekea sharti moja tangu siku ya kwanza: ndani tugombane mpaka tuchoke, nje tuna mdomo mmoja. Sharti lile lilikuwa limeshamkaa Ketrina mwilini kama jina lake.

"Afande," alisema, "naomba nizungumze kwanza na bosi wangu."

"Hapa si kikao cha harusi, mama! Watu wanne wamekufa. Lori limeshuka mteremko wa Mbebe halina breki, watu wako juu ya mifuko ya mbolea, na wewe unataka faragha?"

"Mmoja wa hao wanne ni mdogo wangu, Afande. Nimemzika juzi."

Kalamu ilisimama. Afande Anania hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuokota maiti barabarani.

"Saa kumi alasiri nakuja yadi kukagua ule mnyororo wa geti," alisema. "Nikikuta maneno mawili, nawalaza ndani wote wawili. Nikikuta neno moja, namlaza mmoja. Nendeni."

*

Nje, kwenye ngazi, alikuwa amekaa Mariam, mke wa Yusuf dereva. Kanga yake ilikuwa ile ile ya Ijumaa.

"Mama Atu," alisema bila salamu. "Siku ya tano leo Yusuf hajafumbua macho. Alhamisi ulikuja nyumbani kwangu. Uliniambia lori namba saba halitoki mpaka mpira wa breki ubadilishwe. Nikamwambia mume wangu alale. Nani alikuja kumwamsha?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui! Mbolea inakwenda kwa nani? Si kwenu?"

Wauza njugu waliokuwa kando waligeuka. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Ndiye huyo. Kawaharakishia ndugu zake mbolea, kawapelekea jeneza." Mwenzake akacheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye, akanyamaza.

Hilo ndilo lililomchoma Ketrina zaidi ya polisi. Uongo ule ulikuwa umekaa vizuri mno. Mvua zilishaanza milimani, mahindi hayajawekewa kitu, na watu wa Mbebe walikuwa wamemtumia ujumbe kila siku: dada, mbolea, shangazi, mbolea. Mtu akisema Ketrina alifungua geti kwa ajili ya watu wake, nani angebisha?

Abdulwahab alifungua mlango wa gari. "Panda, Mama Atu."

Alipanda.

*

Tuingie yadi, msomaji, lakini kwanza uelewe yale makufuli.

Mzee Saidi alitoka Tanga na lori moja, enzi zile biashara zilipoanza kufunguliwa. Alikuwa mtu wa swala tano na mtu wa hasira. Siku moja hasira ilimfanya amtume dereva mgonjwa barabarani, na dereva yule hakurudi. Mzee alikaa siku saba bila kusema na mtu. Siku ya nane alinunua mnyororo na makufuli mawili, akamwita Ketrina, ambaye wakati ule alikuwa mwandishi wa getini tu, cheti chake cha darasa la saba mkononi.

"Mimi najijua," alimwambia. "Hasira yangu ikifungua kufuli la kwanza, wewe uwe la pili. Usiponiambia hapana, sina haja na wewe."

Toka hapo lori halikutoka bila funguo mbili. Na kila asubuhi, kabla ya gari la kwanza kuwashwa, wawili wale walijifungia ofisini na chupa ya uji wa ulezi. Mzee alisema yake, Ketrina akasema lile ambalo Mzee hakutaka kulisikia. Uji ukiisha, mlango ulifunguliwa, na nje hakuna aliyejua nani alishinda.

Mara tatu tu katika miaka yote ile wawili wale walifika mwisho wa maneno. Mara zile tatu Ketrina alivua ufunguo wake, akauweka mezani, akanyamaza. Maana yake ilikuwa moja: mimi nimemaliza, ukitaka kubeba peke yako, beba. Na mara zote tatu Mzee aliutazama, akausukuma kwa kidole kurudi upande wa pili. "Vaa ufunguo wako, mama." Lori lililala.

Mzee alifariki miaka miwili kabla ya ajali hii. Mwanawe akarithi malori kumi na moja, na msaidizi.

*

Abdulwahab alifunga mlango wa ofisi, akabaki amesimama.

"Kwa nini umeninyamazia pale polisi?"

"Nje hatugombani. Ndivyo baba yako alivyotufundisha."

"Alikufundisha wewe! Mimi aliniachia malori, hakuniachia maelezo."

"Sasa tuko ndani," Ketrina alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sauti yake ilipanda. "Kwa nini umenisingizia, Abdu?"

"Nimekusingizia nini?"

"Kwamba nimefungua!"

"Sasa nani kafungua?"

"Wewe! Ufunguo si niliuweka hapa? Hapa, Alhamisi, umenifokea mbele ya madereva kama mtoto aliyevunja chungu. 'Nani bosi hapa, mimi au wewe?' Nikavua ufunguo, nikauweka mbele yako."

"Ndiyo, uliuweka. Na Ijumaa saa nane mchana nimerudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ufunguo haupo, lori halipo. Nikajua umerudi kuuchukua. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mama amelainika, lori linakwenda kwao."

Ketrina alishika ukingo wa meza.

"Ijumaa mimi sikuwepo Tunduma," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

Alivuta droo. Akatoa kitu kirefu kilichozungushiwa gazeti, akakiweka mezani. Ulikuwa mpira mpya wa upepo wa breki, na juu yake tiketi ya basi, imekunjwa mara mbili.

"Nilipanda basi la kwanza kutoka nyumbani moja kwa moja, sikupita yadi. Mbeya nzima nimezunguka kuutafuta. Nimerudi saa kumi na moja, nakuta watu wamejaa getini wanalia."

Abdulwahab aliigusa tiketi kwa ncha ya kidole, kama kitu cha moto.

"Hukuniaga."

"Hatukunywa uji asubuhi hiyo."

"Mimi nilikuja! Nimekaa hapa na chupa mpaka uji umepoa. Nikasema, kaninunia."

"Nilinuna," Ketrina alisema. "Mungu anisamehe. Nilisema, leo na anywe peke yake."

Msomaji, siku moja. Siku moja tu katika miaka kumi na tisa uji haukunywewa na watu wawili, na ndiyo siku iliyoua watu wanne.

"Na wewe kufuli lako ulifungua la nini?" Ketrina aliuliza.

"Jonasi, mdogo wako, alikuja asubuhi na wenzake watatu wa kikundi cha wakulima. Wanasema mvua inawaacha. Nikawaambia mimi upande wangu nimekubali, anayekataa ni dada yako, mngojeni. Nikafungua kufuli langu uone sina kinyongo. Wako nikauacha pale pale mezani ulipouweka, sikuugusa. Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Kuniheshimu?"

"Nimekuachia uamuzi uwe wako!"

"Baba yako angeurudisha mkononi mwangu."

"Kurudisha? Kwa nini?"

Hapo Ketrina alimtazama kijana yule, miaka thelathini na nane, ndevu zimeanza mvi, na akaona jambo ambalo lingempasa kuliona miaka miwili nyuma. Hajui. Hakuwahi kuambiwa.

Alimweleza. Mara tatu za Mzee, kidole cha Mzee, maneno ya Mzee. Alieleza bila kupamba, na kila alichosema kilizidi kuwa kizito chumbani.

Abdulwahab aliketi taratibu.

"Kwa hiyo ulipovua ule ufunguo, ulikuwa unanikataza."

"Kwa nguvu zangu zote."

"Na mimi nikadhani umekubali." Alifunika uso. "Miaka miwili, mama. Miaka miwili tunakunywa uji kwenye meza hii. Hukuona kwamba sijui?"

Ketrina alikuwa amemkuta huyu kijana mdogo, anabeba matairi uani. Alidhani aliyekulia ndani ya yadi anazijua desturi za yadi. Tena, aseme kweli mbele ya Mungu, alionea fahari kuwa na siri na Mzee ambayo mwanawe hanayo.

"Kosa hilo ni langu," alisema. "Sitampa mtu mwingine."

*

Ingeishia hapo, labda wangelia pamoja na kuinuka watu wapya. Lakini saa ilikuwa inakwenda.

"Basi ulimpa mtu ufunguo," Abdulwahab alisema ghafla.

"Nilikupa wewe!"

"Mimi nakwambia sikuugusa!"

"Na mimi nakwambia nilikuwa Mbeya!"

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa anamtafuta mwongo katika uso wa mwenzake, na hakuna aliyempata.

Abdulwahab alisogeza kiti karibu. Sauti yake ilishuka.

"Mama Atu, nisikilize. Saa kumi Afande anakuja. Mmoja wetu analala ndani. Nikiingia mimi, kesho yadi imefungwa. Wenye mizigo Nakonde watahama. Madereva, mafundi, familia zao, wote barabarani. Ukiingia wewe..."

"Malizia."

"Ukiingia wewe, mimi niko nje. Nitakuwekea wakili. Nitamsomesha mwanao Atupele mpaka achoke mwenyewe. Wewe ni msaidizi wangu, mama. Nisaidie."

Hakusema kwa ukatili, na hiyo ndiyo iliyotisha. Alisema kwa upole wa mtu anayeomba maji.

Ketrina aliinua macho. Ukutani, nyuma ya kichwa cha Abdulwahab, kulikuwa na kofia ya Mzee Saidi, bado imetundikwa kwenye msumari wake.

"Nikiingia mimi," alisema, "nani atabaki wa kukwambia hapana?"

Abdulwahab aligeuka kuitazama kofia.

"Nimefanya kazi kwa baba yako na nimefanya kwako," Ketrina aliendelea. "Kukubeba mabegani siyo kazi mliyonipa. Mlinipa kazi ya kukuzuia. Nikisema leo nimefungua, na sikufungua, kufuli lile halina maana tena. Kesho utamteua mwingine, naye atajua kazi ya msaidizi wa yadi hii ni kwenda jela kwa niaba."

"Unanikatalia?"

"Ndani, ndiyo. Ndipo mahali pake."

Msikitini muadhini alianza adhana ya alasiri. Abdulwahab alisimama, akakunja mikono ya shati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Naenda kuswali," alisema. "Nikirudi nitakuwa na neno."

*

Hajapita kizingiti vizuri, Watson mlinzi akaingia na kofia mkononi. Watson alikuwa Mnamwanga wa ng'ambo ya mpaka, mtani wa kila mtu, mtu wa kumwimbia dereva aliyechelewa. Siku hiyo hakuwa na utani wowote.

"Bamayo," alisema, kwa lile neno la kwao la kumheshimu mama. "Nina jambo tumboni. Polisi sikulisema."

"Sema, Watson."

"Ijumaa niliacha geti. Nilikwenda bombani. Foleni ya ndoo, na wale akina mama wa bombani na maneno yao, kweli mwandi, nikachelewa. Narudi nakuta makufuli yote mawili yananing'inia na Yusuf ameshawasha. Namuuliza, nani kafungua? Akasema, 'Mama Atu amekubali, ametuma neno.'"

Ketrina alimkazia macho.

"Nimetuma neno kwa nani?"

"Hakusema. Akakanyaga mafuta, wakaondoka. Wale wa mbolea juu ya mifuko wananipungia mikono. Wamefurahi, bamayo. Wanaimba."

"Humu ofisini alikuwemo nani nilipokuwa sipo?"

"Hakuna mtu."

"Watson. Fikiri."

"Hakuna mtu kabisa! Bosi alivuka mpaka. Wewe hatukujua uliko." Akakuna kisogo. "Alikuwemo mdogo wako tu, marehemu Jonasi. Alikaa kwenye hicho kiti tangu asubuhi anakusubiri. Lakini yule si wa kuhesabu. Yule ni wa nyumbani."

Ketrina alimwambia asante. Alimwambia arudi getini. Aliyasema yote mawili kwa sauti ya kawaida, na Watson akatoka akiwa ametua mzigo, bila kujua ameuweka wapi.

*

Chini ya meza kulikuwa na mfuko wa nailoni.

Hospitali walimkabidhi Jumamosi, akiwa amekwenda kuchukua mwili. Nguo za marehemu. Hakuwa na moyo wa kuufungua, wala wa kuupeleka Mbebe. Aliupitisha ofisini, akausukuma chini ya meza kwa mguu, akaenda kuzika.

Sasa aliinama akauvuta.

Koti la kaki lilikuwa juu kabisa. Jonasi hakuwa na koti jingine. Lilikuwa limekauka na udongo mwekundu, limekuwa gumu kama ngozi, na lilinuka mbolea. Ketrina alilikunjua mapajani. Midomo yake ilikuwa inaomba, lakini hakusikia mwenyewe inaomba nini.

Mfuko wa kulia: karatasi iliyoloa na kukauka, orodha ya majina ya wanakikundi na mifuko ya kila mmoja, mwandiko wa Jonasi, herufi kubwa kubwa kama za mtoto.

Mfuko wa kushoto: kiberiti.

Mfuko wa ndani, upande wa moyo. Vidole viligusa kitu laini kabla ya kugusa kitu kigumu.

Kamba. Kamba ya bluu.

Aliuvuta ufunguo polepole, nao ulitoka bila kukwama popote.

Ee Baba. Jonasi alikaa kwenye kiti kile asubuhi nzima. Aliona kufuli la bosi liko wazi. Aliona ufunguo wa dada yake mezani, ufunguo ambao miaka yote hii aliuona shingoni kwa dada. Akajiambia, huu si wa kwetu? Akamwamsha Yusuf, akamwambia, dada amekubali, akafungua kufuli. Kisha akapanda juu ya mifuko, akaimba.

Juzi kaburini mchungaji alisema Jonasi amekufa akiwaletea wenzake chakula cha mwakani. Watu walilia kwa sauti. Wajane wa wale wenzake watatu walimshika Ferista, mke wa Jonasi, mikono, huyu huku, huyu kule, wakamwita dada. Ketrina aliona kwa macho yake.

Ufunguo huu ukikaa mezani kwa Afande, mikono ile itaachia. Watoto sita wa Jonasi watapita njia ya kisimani na hakuna nyumba itakayowaitikia salamu.

Ufunguo huu ukikaa mfukoni mwake, mtu mwingine analala ndani leo.

Mlango ulifunguliwa. Ketrina alifumba ngumi na kuishusha kando ya paja.

Alikuwa Abdulwahab. Uso ulikuwa bado na maji ya udhu, na umetulia kwa namna ambayo Ketrina hakuwahi kuiona kwake. Aliwahi kuiona kwa Mzee.

"Neno langu ni hili, mama. Nitasema ni mimi. Makufuli yote mawili."

"Abdu..."

"Subiri. Ulivua ufunguo kunikataza, sikuelewa. Sikuuliza. Mtu anayekaa kiti hiki na haulizi, huyo ndiye kafungua, hata kama mkono ulikuwa wa mwingine. Wewe endesha yadi mpaka nitoke. Nitasema niliuchukua mezani, nikafungua, nikautupa. Nje tuna mdomo mmoja. Si ndivyo? Sasa huo ndio mdomo."

Toka Mzee afe Ketrina alikuwa anaomba kila asubuhi: Bwana, mfanye kijana huyu awe bosi. Alikuwa ameomba. Na leo, saa kumi kasoro dakika tatu, ameletewa bosi, naye anakwenda jela kwa kosa la mtu aliyekufa.

"Abdu, ngoja. Kuna jambo..."

Hodi ilipigwa.

Mlangoni alisimama Afande Anania, daftari kwapani. Nyuma yake, amejifunga kanga nyeusi, vumbi la njia ya Mbebe mpaka kwenye nyusi, alisimama Ferista, mjane wa Jonasi.

"Nimemkuta getini," Afande alisema. "Anasema ni wifi yako."

"Ndaga, wifi," Ferista alisema kwa salamu ya nyumbani, sauti imekauka kwa kilio cha siku nne. "Nisamehe nimetoka msibani. Wazee wamenituma. Wanasema orodha ya mbolea ilikuwa kwenye koti la Jonasi. Na koti lenyewe... mtoto mkubwa analitaka. Anasema atalivaa hivyo hivyo na udongo wake." Macho yake yaliangukia mapajani kwa Ketrina. "Ndilo hilo."

Akanyoosha mikono yote miwili, kama apokeaye mtoto.

"Saa kumi," Afande alisema, akafungua daftari. "Ni maneno mangapi?"

"Moja," Abdulwahab alijibu. Alisimama wima. "Andika, Afande. Ufunguo wa pili niliuchukua mimi, mezani kwangu, siku ya Ijumaa, na kwa mkono wangu nika..."

"Hapana, bosi."

Sauti haikuwa kubwa. Lakini Abdulwahab alinyamaza kama aliyepigwa, kwa sababu miaka kumi na tisa hakuna mtu wa nje aliyewahi kumsikia Ketrina akimkatalia mwenye yadi.

Kalamu ya Afande ilibaki hewani. "Hapana nini, mama?"

Ngumi ya Ketrina ilikuwa imefumbwa barabara, lakini kamba ilikuwa ndefu, na ncha yake ya bluu ilikuwa imechungulia kati ya vidole. Afande hakuiona. Abdulwahab hakuiona.

Ferista, aliyeisokota mwenyewe, alikuwa ameshaiona. Alilitazama koti, akaitazama kamba, akarudi kwenye mfuko wa ndani wa koti uliokuwa bado umepinduka nje. Alishusha mikono.

"Wifi," alisema polepole. "Hiyo kamba umeikuta wapi?"